Ute Uliotiwa Madini

Chukua mfupa wa paja la kuku, uondoe nyama yote, uutumbukize kwenye chupa ya siki, ufunike, na ubadilishe siki kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki hivi uutoe na kuusuuza. Umbo ni lile lile, lakini sasa unaupinda kwa vidole na hauvunjiki. Asidi ya siki imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti, ikaacha kolajeni, ile protini ambayo kila mpika makongoro anaijua kwa kazi yake: ndiyo inayogandisha supu ikilala usiku. Mfupa wa pili uchome kwenye jiko la mkaa hadi uwe mweupe pe. Huu nao umbo lake halipotei, ila ukiubonyeza unasagika. Kolajeni imeungua, madini yamebaki peke yake.

Jaribio hilo ni la darasani na ni la siku nyingi. Linaonyesha fumbo ambalo watafiti wa tiba wamelihangaikia kwa miongo kadhaa: mwili huchukua kitu laini kinachonyumbuka na kitu kigumu kinachovunjika upesi, ukavisuka pamoja, ukapata mfupa. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini. Kinachobaki ni kolajeni na maji. Fundi ujenzi ataelewa haraka, maana zege bila nondo hupasuka, na nondo bila zege hupinda. Ila ndani ya mfupa kazi hiyo hufanyika kwa kipimo kidogo mno. Fuwele za madini zina unene wa nanomita chache, na unywele mmoja wa kichwani una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Je, maabara inaweza kuiga? Kwa kiasi, ndiyo. Na njia iliyoonekana kuwa na matumaini zaidi inaanzia kwenye vitu laini vinavyoitwa haidrojeli.

Haidrojeli ni wavu wa nyuzi ndefu, yaani polima, ulioshika maji mengi kuliko uzito wake wenyewe bila kuyaachia yatiririke. Ute wa bamia unakaribia kuwa hivyo, na nyama ya jani la shubiri pia. Unga ulio ndani ya pampasi, ukishapata mkojo, unageuka haidrojeli ya kiwandani. Gegedu la gotini kwako ni haidrojeli ya asili. Kwa tiba, watafiti wanapenda polima zinazotoka kwa viumbe: aljineti ya mwani wa kahawia, karajinani ya mwani mwekundu, kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, jelatini na kolajeni za ngozi na mifupa. Nyingi kati ya hizo mwili hauzikatai, na baadhi yake seli hujishikiza juu yake na kuzimeng'enya taratibu kadiri kidonda kinavyopona. Ubaya wake unaonekana mara moja: ni dhaifu. Ukiibana kidogo jeli inapasuka, ukiivuta inakatika. Huwezi kujazia tundu la mfupa kwa kitu chenye nguvu ya ute wa bamia.

Hapo ndipo madini yanapoingia, na mfano wake wa wazi kabisa uko kwenye kiti cha daktari wa meno. Aliyewahi kutengenezewa meno ya bandia atakumbuka. Msaidizi humimina unga kwenye bakuli la mpira, huongeza maji, hukoroga kwa nguvu akiubandika ukutani mwa bakuli kwa mwiko bapa, hadi upatikane uji mzito wenye harufu ya mnanaa. Unajazwa kwenye trei ya chuma yenye umbo la kiatu cha farasi, trei inasukumizwa kinywani, unaambiwa upumue kwa pua. Dakika mbili tatu baadaye inang'olewa, na ule uji umekuwa kitu kizima kinachonyumbuka, kimechukua alama ya kila jino. Unga huo ni aljineti ya sodiamu iliyochanganywa na jasi, jamaa wa jasi inayochimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi ikikutana na maji huachia ayoni za kalsiamu. Ayoni moja hushika nyuzi mbili za aljineti kwa wakati mmoja, na mashiko yakishakuwa mengi uji hugeuka jeli. Unga una fosfeti kidogo pia, ambayo huiwahi kalsiamu ya mwanzo na kuishikilia, ili daktari apate muda wa kufikisha trei kinywani kabla mambo hayajaganda. Na sehemu kubwa ya unga huo, ambayo mgonjwa haambiwi kamwe, ni vumbi la madini: udongo wa diatomu, yaani maganda ya silika ya viumbe wadogo wa majini waliokufa zamani. Udongo wa namna hiyo huchimbwa Kariandusi, Kenya. Ukiuondoa kwenye mchanganyiko, jeli inalegea na kunatanata. Ukiuweka, inasimama. Kwa hiyo haidrojeli ya asili iliyotiwa nguvu kwa madini imekuwa ikiingia na kutoka vinywani mwa watu tangu miaka ya 1940, kabla neno lenyewe halijapata umaarufu.

Maarifa mengine yaliongezwa kwa vipande, mahali mbalimbali, na mara nyingi na watu ambao hawakuwa wakifikiria mfupa. Aljineti ilitambuliwa mwaka 1881 na mkemia wa Uingereza aliyekuwa akitafuta faida zaidi kutoka kwenye mwani wa pwani ya Uskochi. Mwaka 1960 watafiti wa iliyokuwa Chekoslovakia walieleza jeli za kutengenezwa ambazo mwili unazivumilia, na kutoka hapo zikaja lenzi laini za macho. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Marekani, ilipatikana kioo cha pekee chenye kalsiamu na fosfeti ambacho kikiwekwa mwilini hushikamana na mfupa badala ya kuzungukwa na kovu. Hilo lilivunja imani ya muda mrefu kwamba kitu kizuri cha kuweka mwilini ni kile kisichofanya lolote. Mwaka 2002 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba chembe bapa za udongo wa mfinyanzi, nyembamba kama nanomita moja, zinaweza kufanya jeli ivutike mara kumi ya urefu wake bila kukatika. Jeli yao ilitumia polima ya kutengenezwa, si ya asili, lakini somo lilikuwa pana: nyuzi zikishikamana juu ya chembe ya madini, mzigo unagawanyika kwa nyuzi nyingi, na ufa hauna njia rahisi ya kupita.

Kuchanganya tu, hata hivyo, hakutoshi. Turudi kidogo kwenye ule mfupa wa siki. Mwanafunzi mdadisi atauliza: nikiulowesha kwenye maji yenye kalsiamu na fosfeti, si utakuwa mgumu tena? Hauwi. Fuwele hujijenga nje, zikafanya ganda jeupe linalokwanguka, ndani mkabaki laini kama mwanzo. Ukimwaga unga wa madini ndani ya jeli mambo huwa ni yale yale kwa sura nyingine: chembe hukusanyana mafungu mafungu, na kila fungu huwa mahali pa kuanzia ufa. Mwili hufanya tofauti. Una protini zenye asidi nyingi ambazo huzishika kalsiamu na fosfeti zisigande mapema, zikabaki majimaji kwa muda wa kutosha kupenya kati ya nyuzi za kolajeni, na huko ndani ndiko fuwele zinapozaliwa, zikajipanga kufuata nyuzi. Maabara zilipoanza kuongeza polima ndogo zenye asidi ya namna hiyo, madini yakaanza kuingia ndani ya kolajeni yenyewe. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika hadithi hii, ingawa haina picha ya kuvutia ya kuweka gazetini.

Kuna jambo jingine, na hili liliwashangaza hata watafiti wenyewe. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba seli changa za uboho huupima ugumu wa kitu zinachokikalia. Zikiwekwa juu ya jeli laini mno huelekea kufanana na seli za neva. Juu ya jeli ya ugumu wa wastani hufuata njia ya misuli. Juu ya jeli ngumu zaidi huanza kufuata njia ya mfupa. Maana yake ni kwamba madini yanayotiwa kwenye jeli hayaongezi nguvu tu. Yanaziambia seli zijenge nini.

Sasa tuje nyumbani. Nenda wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya mkoa na utawakuta vijana wa bodaboda, mguu mmoja umening'inizwa, wengine wamewekewa vyuma. Mfupa uliovunjika vizuri hujiunga wenyewe ukinyooshwa na kutulizwa. Taabu ni pale kipande kinapopotea, au kinapoondolewa kwa sababu ya usaha, pakabaki pengo. Njia inayoaminika zaidi hadi leo ni kuchukua mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuujazia pale. Inafanya kazi, lakini mgonjwa anapata majeraha mawili badala ya moja, na mfupa wa kuchukua hauna wingi. Vijazio vya kolajeni na madini ya kalsiamu vimekuwa vikitumika hospitalini katika nchi nyingi kwa miaka mingi sasa, hasa kwenye taya na kwenye matundu madogo. Jeli mpya zinazosukumwa kwa sindano na kuganda ndani ya pengo ndizo zinazofanyiwa utafiti kwa wingi, nyingi bado kwa wanyama.

Anayekuambia kwamba jeli hiyo itachukua nafasi ya vyuma kesho, mwambie asubiri. Mfupa mgumu wa paja hustahimili shinikizo la zaidi ya megapaskali 100 kabla ya kuvunjika, na haidrojeli za asili zilizotiwa madini ziko chini sana ya hapo. Kazi yake ni kujaza, kuongoza seli, kisha kuondoka. Mzigo wa kusimama na kutembea utabaki kwa vyuma na kwa plasta hadi mfupa wenyewe uote. Tena historia ina onyo lake. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu sifongo la kolajeni lililoloweshwa protini ya kukuza mfupa litumike kwenye uti wa mgongo. Kufikia 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ililazimika kuwatahadharisha madaktari, kwa sababu baadhi ya wagonjwa waliowekewa shingoni walivimba hadi wakashindwa kupumua. Kitu kinachokuza mfupa hakijui peke yake kinapotakiwa na kisipotakiwa.

Faida ya haraka zaidi, nadhani, iko kwenye vidonda. Kwetu mtoto akiungua kwa uji, ushauri unaotoka kwa majirani ni kwamba kidonda kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe yalionyesha kinyume: vidonda vilivyofunikwa na kubaki na unyevu vilifunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa vikauke. Seli za ngozi hutambaa. Zikikutana na gamba kavu hulazimika kulipitia chini kwa chini. Bandeji za aljineti zilijengwa juu ya ujuzi huo: nyuzi zake kavu zikipata majimaji ya kidonda hubadilishana kalsiamu kwa sodiamu, zikawa jeli pale pale, na kalsiamu inayoachiwa husaidia damu kuganda. Zinafaa kidonda kinachotoa maji mengi. Kwenye kidonda kikavu hazina kazi. Na unyevu hauna maana ya kulowana. Kidonda chenye usaha, au kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, ni cha kupelekwa kituo cha afya, wala si cha kufunikwa nyumbani kikasahauliwa.

Mama ambaye hana bandeji hiyo, na wengi hawatakuwa nayo kwa muda, bado ana cha kuchukua hapa. Mtoto akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha hospitali. Dawa ya meno, mafuta, na yai bichi, tuviachie kazi zake.

Madini nayo yana upande wa hatari ambao lazima usemwe bila kuzunguka. Gozi iliyotiwa kaolini, udongo mweupe laini wa mfinyanzi, hutumiwa na majeshi na magari ya wagonjwa kuzuia damu inayobubujika, kwa sababu uso wa chembe zake huamsha mfumo wa kugandisha damu. Kaolini ipo kwa wingi kwenye vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Basi mtu asije akachota udongo akaupaka kwenye jeraha au kwenye kitovu cha mtoto mchanga! Udongo mbichi unabeba mbegu za bakteria wa pepopunda, na kitovu kilichopakwa udongo au kinyesi cha ng'ombe kimeua watoto wengi katika nchi zetu. Kaolini ya hospitali imesafishwa, imepimwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kugusa gozi.

Fuwele ya mfupa yenyewe ina tabia ya kukaribisha wageni. Watu wa Arusha, Meru na Nakuru wanaijua tabia hiyo kwa machungu: floridi ikizidi kwenye maji ya kunywa huingia ndani ya fuwele za meno na mifupa, meno yakawa ya kahawia, na kwa wengine miguu ikapinda. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kwa sehemu kubwa ni madini yale yale, uweze kunyonya floridi kwenye vichujio vya maji vinavyotumika Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mtafiti wa jeli huitumia makusudi, akaingiza zinki kidogo au dawa ya kuua bakteria. Lakini fuwele haichagui. Ikitengenezwa kutoka mifupa iliyookotwa ovyo inaweza kubeba metali ya risasi, na risasi hiyo ikaishia kwa mgonjwa.

Watu wa pwani wataniuliza swali ambalo makala za nje huliruka: hiyo jelatini ni ya mnyama gani? Ni swali halali. Nyingi duniani hutokana na nguruwe na ng'ombe, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kabla ya kukubali. Sababu mojawapo ya watafiti kuelekea kwenye mwani na samaki ni hiyo, pamoja na hofu ya magonjwa ya mifugo. Mwenye mzio wa kamba na kaa naye aseme mapema kabla ya kufungwa bandeji yenye kitosani, hata kama matatizo yaliyoripotiwa ni machache.

Na samaki tunao. Mvuvi wa Mwanza anajua kwamba bondo la sangara, yaani kifuko chake cha hewa, linauzwa ghali kuliko minofu yake, na kwamba biashara hiyo inaelekea Mashariki ya Mbali. Mabondo hayo kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Mifupa iliyobaki, mapanki, huishia kwenye mafuta ya kukaangia au kwenye chakula cha kuku. Kule Unguja mwani umelimwa kibiashara tangu 1989, kuanzia vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, huingia na kamba zao na taitai za kufungia vichipukizi, wakiwa wameinama mpaka maji yarudi. Kuna aina mbili. Spinosamu hutoa karajinani inayofanya jeli laini ikipata kalsiamu. Kotoni, yenye bei nzuri zaidi, hutoa ile inayoganda imara kwa potasiamu. Kwa bahati mbaya kotoni ndiyo inayoshindwa na joto la bahari linalopanda. Hupauka na kukatika. Aljineti haitoki katika hizo mbili. Mwani wa kahawia huota kwenye miamba yetu na kusukumwa ufukweni, lakini haulimwi, kwa hiyo tusichanganye habari tukawapa akina mama matumaini ya soko ambalo si lao.

Kati ya gunia la mwani mkavu na bomba la sindano lenye jeli kuna safari ndefu: kuchemsha na alkali, kuchuja, kuondoa chumvi na metali, kupima sumu za bakteria zinazoweza kumletea mgonjwa homa hata baada ya bakteria kufa, kuua vijidudu bila kuivunja polima, kisha miaka ya majaribio. Bei huongezeka katika kila hatua, na karibu hatua zote zinafanyika nje. Wanawake wa Unguja wameshaonyesha kwamba wanaweza kusogea hatua moja, kwa sabuni na unga wa mwani wanaouza wenyewe. Mimi nisingekimbilia jeli ya hospitali. Ningeanza na karajinani ya chakula, ile inayotiwa kwenye maziwa, aisikrimu na dawa ya meno, kwa sababu soko lake lipo tayari, vipimo vyake vinafundishika chuoni, na matangi yake ya kuchemshia na vichujio vyake ndivyo atakavyovihitaji pia yule atakayekuja baadaye kutafuta kiwango cha tiba.